Mnatuuliza Tulikuwa Wapi?

Ndugu wasomaji, nianze kwa kugombana na ninyi kabla sijagombana na hospitali.

Kwenye kijiwe chetu cha waandishi chipukizi tumesomeana hadithi nyingi mwaka huu. Nimezipitia tena moja moja. Saba zina mhusika mwenye kansa. Katika zote saba mhusika ni mwanamke, katika zote saba ni mzuri wa sura, na katika zote saba anakufa ukurasa wa mwisho huku mvua inanyesha. Mbili kati ya hizo nimeandika mimi, kwa hiyo msinune. Mtindo ni uleule: mwanamke anaanguka sebuleni, anakimbizwa hospitali, daktari mwenye miwani anatikisa kichwa, kwisha habari. Hamna tarehe. Hamna dirisha la maabara. Hamna karani aliyekwenda kunywa chai na ufunguo mfukoni. Kwetu sisi waandishi kansa ni kama radi, na radi ikishapiga nani atauliza ilichelewa wapi?

Huo ni uongo, jamani. Na ni uongo unaowafaa watu fulani, maana radi haina mtu wa kuulizwa.

Mimi ni mtoto wa Kitaya, Mtwara, ukingoni mwa Ruvuma, mahali ambapo ukisimama mtoni unaiona Msumbiji kwa macho. Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2018, na matokeo yalipotoka hayakunipeleka popote. Nikawa kijana wa kutumwa. Mama mkubwa, dada yake mama, alipoanza kuumwa, ukoo ulinichagua mimi kumsindikiza. "Wewe umesoma," mjomba alisema, "utatusomea vibao." Nilikuwa nimenunua daftari kubwa la kuandikia riwaya. Riwaya haikuandikwa. Daftari lilijaa tarehe, na daftari hilo ndilo ninalolisoma hapa.

Tarehe 4 Februari 2019, Jumatatu, tulifika kituo cha kwanza. Mama mkubwa alikuwa akitokwa damu wakati usio wake. Sikujua. Mwanamke aliyechezwa unyago hawezi kumwambia mtoto wa kiume wa mdogo wake habari kama hizo. Aliniambia anaumwa tumbo la chini, na nadhani na mle ndani alianza hivyohivyo. Akapewa dawa za maambukizi. Tarehe 25 tukarudi, akaongezewa dawa za maambukizi. Baadaye aliniambia kwamba siku zote mbili hakuna aliyempandisha kitandani akamtazama. Tarehe 18 Machi tukaandikiwa barua ya kwenda hospitali. Tarehe 2 Aprili tukafika. Mkata kinyama hayupo, njooni baada ya wiki mbili. Tarehe 16 akakatwa kinyama, majibu wiki mbili. Tarehe 30, bado. Tarehe 14 Mei, bado. Tarehe 11 Juni tukaambiwa kopo lenye kinyama halionekani. Halionekani! Kwani lina miguu? Akakatwa tena. Tarehe 9 Julai karatasi ikatoka: kansa ya mlango wa kizazi. Tangu siku alipokatwa mara ya kwanza mpaka siku aliyojibiwa, siku 84.

Hospitali siitaji. Nikiitaja mtasema kumbe ni ile tu, nyingine salama.

Barua ya rufaa ya kwenda Dar es Salaam iliandikwa siku ileile, hilo nawapa. Lakini msimu ule fedha za korosho zilichelewa. Mjomba akauza mbuzi wawili, kisha akauza baiskeli, na tarehe 2 Septemba tukawa tumekaa mbele ya daktari kijana, mpole, sina ugomvi naye hata kidogo. Alisoma makaratasi, akampima, akanawa mikono, akamwuliza kwa upole, "Mama, mlikuwa wapi siku zote hizi?"

Mama mkubwa akainamisha kichwa. "Nisamehe, mwanangu," alisema.

Aliomba msamaha! Alifariki Januari 2020, nyumbani, na mpaka anakata roho aliamini kuwa aliyechelewa ni yeye.

Sasa tuhesabu. Tangu 4 Februari mpaka 2 Septemba ni siku 210. Kati ya hizo, siku 15 tulikuwa tunatafuta nauli ya kwenda hospitali, na siku 55 tulikuwa tunatafuta nauli ya Dar. Hizo 70 ni zetu: ni za umaskini wetu, na mwenye kuhesabu umaskini anahesabu mambo mengine, leo siingii huko. Zinabaki 140. Siku 140 mama mkubwa alikuwa ndani ya mlango wenu, au nje ya mlango akiwa na tarehe mliyompa ninyi. Mnatuuliza tulikuwa wapi? Tulikuwa kwenu.

Na hapa ndipo penye hoja yangu, msomaji, shika hapahapa. Hizo siku 140 hazipo popote isipokuwa kwenye daftari langu. Ukienda leo ukafungua vitabu vya kule tulikopita utakuta vimejazwa vizuri tu. Alikuja, akaandikishwa, akahudumiwa, akaondoka. Mara tisa. Kwa hesabu zao mama mkubwa ni mahudhurio tisa, na mwisho wa mwezi mahudhurio yakijumlishwa na kupelekwa juu, mkubwa anafurahi kwamba wananchi wanaitumia huduma. Siku kopo lilipopotea tulihesabiwa tena! Kosa lao liliwaongezea takwimu.

Watu wa kwetu tunalijua jambo hili kwa jina lake. Linaitwa kangomba. Ninyi wa Dar na Arusha huenda hamlijui, nawaeleza. Mkulima wa korosho akiishiwa kabla ya msimu, anakuja mtu na bakuli lake, anamkopesha fedha kidogo, na korosho zikiiva anazichukua kwa bakuli. Hazipiti kwenye mizani. Bakuli linajazwa mpaka linamwagika, likiwa na kichuguu juu, na kichuguu kile si cha mkulima. Serikali imelipiga vita sana jambo hili. Kwa nini? Kwa sababu kipimo cha bakuli kinampendelea mwenye bakuli.

Mkifuata njia ya halali, korosho ina heshima kuliko mimi na wewe. Tangu msimu wa 2007/08 sisi wa Mtwara tunauza kwa stakabadhi ghalani. Korosho inapimwa kwa kilo kwenye chama cha msingi, mkulima anapewa risiti, inawekwa daraja la kwanza au la pili, inapelekwa ghala kuu, na huko wanachukua sampuli, wanapima unyevu, wanakata punje kwa kisu kimoja kimoja waone ya ndani. Mnunuzi anataka kujua gunia la kilo 80 litampa ratili ngapi za korosho iliyobanguliwa: 48? 50? Ikishuka, bei inashuka. Gunia likipotea kati ya chama na ghala patakuwa na mkutano, patakuwa na polisi, mwenyekiti atahama kijiji usiku. Likapotea kopo lenye nyama ya mama mkubwa wangu, tukaambiwa njooni wiki ijayo.

Basi nasema matibabu ya kansa yanapimwa kwa kangomba. Wanaopima ni wenye bakuli, na bakuli lenyewe ni idadi ya waliokuja, idadi ya vitanda, idadi ya mashine, idadi ya tepe zilizokatwa. Sikatai majengo. Mwaka 2018 Ocean Road ilipata mashine mpya za kisasa za mionzi, na mwaka 2023 Rais alizindua hospitali yetu ya rufaa ya kanda ya kusini pale Mtwara. Nilishangilia. Nitashangilia na zijazo. Lakini jengo linajibu swali la mgonjwa ataingia wapi, na mimi nauliza mgonjwa aliyeingia Februari yuko wapi leo.

Tazameni Uganda. Mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi nchini humo, pale Mulago, Kampala, iliharibika isitengenezeke tena. Dunia nzima iliandika, redio zikapiga kelele, na Januari 2018 ikazinduliwa mpya. Vizuri. Mashine ikifa inaonekana. Lakini kopo likipotea, barua ikilala mezani wiki tatu, mama akipewa dawa ya maambukizi mara mbili bila kutazamwa, hakuna mwandishi wa habari atakayekuja, kwa kuwa hakuna cha kupiga picha. Vifo vya aina hii havina sura.

Najua kuna mshkaji pale nyuma ameshaanza: mambo ya takwimu hayo ni ya Wazungu, sisi tuna shida zetu. Ala! Kaa chini nikusomee historia ya nchi yako.

Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma. Akaja kusaidiana na madaktari wetu mtu mmoja, Karel Styblo, Mcheki aliyehamia Uholanzi, ambaye mwenyewe aliugua kifua kikuu akiwa mfungwa katika kambi ya Wanazi wakati wa vita kuu ya pili. Nchi haikuwa na fedha. Walichofanya ni hiki: kila mgonjwa wa kifua kikuu, awe wa mjini au wa porini kabisa, aandikwe jina kwenye rejista ya wilaya, na jina lile lisiachwe wazi. Mwisho wa matibabu lazima mbele yake paandikwe neno moja. Amepona. Au amemaliza dawa. Au amefariki, au dawa zimeshindwa, au ameacha, au amehamia kwingine. Kila robo mwaka mratibu wa wilaya anajumlisha: waliosajiliwa miezi ile ni kadhaa, waliopona kadhaa, tuliowapoteza kadhaa. Huwezi kujificha nyuma ya wingi wa mahudhurio. Ukisema umewatibu 100, utaonyesha 100 wamekwenda wapi.

Mtindo huo, uliojaribiwa na kukomazwa kwenye wilaya zetu hizihizi kwa peni na karatasi, ndio ambao miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliubeba, likaupa jina la DOTS, likaufundisha dunia. Yaani sisi ndio tuliokuwa darasa! Na wenye virusi vya Ukimwi nao wana kadi ya kliniki yenye namba na tarehe, na mtu asipotokea kuna utaratibu wa kumtafuta. Kwa hiyo tunajua kuhesabu. Kwa kifua kikuu tunajua, kwa Ukimwi tunajua. Ikifika kansa ndo tunasahau hesabu?

Wazungu wenyewe, kama mnataka kujua, hawakuipenda habari hii. Boston, Marekani, zaidi ya miaka mia moja iliyopita, alikuwepo daktari wa upasuaji aliyeitwa Ernest Amory Codman. Alitaka kila mgonjwa awe na kadi: alikuja na nini, akafanyiwa nini, na baada ya mwaka hali yake ikoje. Kama hakupona sawasawa, iandikwe kwa nini, na kama kosa ni la daktari liandikwe hivyo. Hospitali yake kubwa haikutaka kupandisha madaktari vyeo kwa kutazama matokeo, akaondoka mwaka 1914. Alikwishafungua kihospitali chake mwenyewe. Kati ya 1911 na 1916 waliruhusiwa kutoka humo wagonjwa 337, naye akachapisha makosa 123. Makosa yake mwenyewe, kwa fedha yake mwenyewe! Mwaka 1915 kwenye mkutano wa madaktari akaonyesha katuni ya mbuni aliyefukia kichwa mchangani huku akiwarushia madaktari mayai ya dhahabu, wenzake wakakasirika, akapoteza na uenyekiti wa chama. Mwaka 1920 akaanza kukusanya kumbukumbu za kila mgonjwa wa kansa ya mifupa aliyeweza kupata habari zake, ajue nani alipona na kwa tiba gani. Alikufa mwaka 1940, kaburi lake likakaa bila jiwe la jina mpaka 2014.

Mimi huyu bwana nampenda. Ukitaka mhusika wa riwaya, chukua huyo, acha mrembo anayeanguka sebuleni.

Leo kipimo kipo, tena kimeandikwa. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kansa ya matiti wenye namba tatu tu, hata mtoto wa darasa la tano anazishika: 60, 60, 80. Katika wagonjwa 100, zaidi ya 60 wagunduliwe mapema, hatua ya kwanza au ya pili. Kutoka siku mgonjwa anafika kituoni mpaka ajulikane anaumwa nini, zisizidi siku 60. Na wanaoanza matibabu, 80 katika 100 wayamalize. Ya mama mkubwa haikuwa ya matiti, lakini hebu tuazime rula hiyo kidogo. Siku 60 kwenye rula. Kwetu, 4 Februari mpaka 9 Julai, siku 155.

Kwa kansa ya mlango wa kizazi nako kuna namba, walizozizindua Novemba 2020: ifikapo 2030 wasichana 90 katika 100 wawe wamechanjwa, wanawake 70 katika 100 wawe wamepimwa, na 90 katika 100 ya wanaokutwa na ugonjwa watibiwe. Nzuri. Chanjo nchini kwetu ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018, wadogo zangu wawili wamechanjwa. Ila angalieni ile 90 ya mwisho. Inasema watibiwe, haikusema baada ya siku ngapi. Mama mkubwa alitibiwa! Alipata mionzi. Kwa namba ile yumo kwenye waliofaulu.

Na siku zina bei, msidhani nacheza na kalenda. Mwaka 2020 watafiti waliokusanya tafiti nyingi za nchi mbalimbali walionyesha kwamba kwa wagonjwa wa kansa wanaohitaji upasuaji, kila wiki nne za kuchelewa zinaongeza hatari ya kufa kwa asilimia 6 mpaka 8. Sisi tulitumia wiki 30. Sizidishi, sijasoma hesabu ya namna hiyo.

Mtu ataniambia takwimu za taifa zipo. Zipo. Kwa mwaka 2022 wanasema Tanzania ilikuwa na wagonjwa wapya wa kansa 45,000 hivi, na waliokufa karibu 30,000. Lakini ulizeni zile namba zilipatikanaje. Ni makadirio, yanatengenezwa na wataalamu walioko Lyon, Ufaransa, wakichukua rejista chache zilizopo na kuzitanua zienee nchi nzima. Kazi njema, siwalaumu, bila wao tungekuwa gizani kabisa. Ila mimi nimetoka kijiji ambacho nchi nzima ilikihesabu siku moja. Tarehe 14 Oktoba 2020 wavamizi kutoka upande wa Cabo Delgado walituingilia Kitaya, wakaua na kuchoma nyumba. Kila mtu akataka idadi. Wangapi wamekufa, nyumba ngapi, saa ngapi, walipita wapi. Na ilikuwa haki kuuliza. Ila wanawake wa Kitaya waliokufa kwa damu ya chini ya tumbo kabla ya siku ile na baada ya siku ile, ni wangapi? Walipita wapi? Walikaa siku ngapi wapi? Hakuna aliyekuja na karatasi.

Wengine wananiambia niwaonee huruma madaktari. Nawaonea. Nimemwona muuguzi mmoja na wodi nzima, tangu asubuhi hajanywa hata maji, na bado mtu anamgombeza dirishani. Simtaki yule ajaze fomu kumi mpya. Nataka safu moja iongezwe kwenye kitabu kilekile: tarehe aliyofika mara ya kwanza. Nyingine: tarehe aliyopata jibu. Nyingine: yuko wapi baada ya mwaka mmoja. Namba ya simu ya ndugu ipo kwenye faili, hata sisi wa Kitaya simu tunazo. Tangu tulipotoka Dar mpaka leo haijapigwa simu hata moja kutoka popote kuuliza kama mama mkubwa yu hai. Kwenye faili lake, kama bado lipo, hajafa.

Hoja moja ya wapinzani ina nguvu, siipiti kimya. Wanasema ukipima hospitali kwa vifo, itaanza kuwakwepa wanaokaribia kufa. Itawarudisha nyumbani wakafie huko ili kitabu kibaki safi. Kweli kabisa, binadamu ni binadamu. Lakini hilo ni kosa la kupima mlangoni. Ukimfuata mgonjwa mpaka nyumbani, kumkimbiza hakufichi kitu, maana kifo chake kitaandikwa tu. Na pima siku kabla ya vifo. Siku hazina mahali pa kujificha. Kule Uingereza wameweka kwamba mgonjwa aliyepewa rufaa ya haraka aanze kutibiwa ndani ya siku 62, na kila mwezi wanatangaza wangapi wamepitwa. Kwa miaka mingi wameshindwa kufikia lengo lao, na fedha wanazo. Lakini wanajua wameshindwa kwa kiasi gani, na mgonjwa wa kule akiulizwa alikuwa wapi anaweza kumfungulia daktari karatasi.

Na maumivu je? Nayo yanapimwa. Wauguzi wa tiba shufaa wana njia rahisi: wanamwonyesha mgonjwa mkono. Ngumi, hakuna maumivu. Kidole kimoja, kidogo. Vidole vyote vitano, hayavumiliki. Uganda tangu mwaka 1993, kwa juhudi za daktari Anne Merriman na hospisi aliyoianzisha, wamekuwa wakitengeneza mofini ya kunywa kutokana na unga, ya bei ndogo, na baadaye sheria ikawaruhusu hata wauguzi waliosomea kazi hiyo waiandike. Sisi tulirudi Kitaya na chupa ya mofini na ilisaidia sana, Mungu awabariki waliotupa. Lakini katika zile safari tisa za mwanzo, Februari mpaka Julai, hakuna aliyemwonyesha mama mkubwa mkono. Ningekuwepo ndani ningeonyesha mimi. Njiani kwenye pikipiki alikuwa akinibana mbavu kila tukipita shimo, na hiyo ndiyo rula niliyokuwa nayo.

Nisije nikaonekana sioni mazuri. Mwaka jana mama yangu mzazi alikwenda kupimwa kwa siki, kipimo chenyewe ni siki kama ile ya kachumbari, wanaipaka, wanasubiri kidogo, wanatazama kama pamekuwa peupe. Jibu alipewa palepale, safi. Muuguzi akamwandikia tarehe ya kurudi kwenye kadi, akachukua namba ya simu, na wiki iliyofuata akampigia kuuliza kama na jirani zake wangependa kuja. Walikwenda kumi na mmoja. Nimewahesabu, nilikuwa mwenye kuwatafutia gari. Wawili walikutwa na weupe. Wote wawili walitibiwa ndani ya mwezi. Muuguzi yule ana daftari lake mwenyewe, kalinunua mwenyewe, karatasi zimeshaanza kuchanika pembeni. Nilipomwomba nilione alicheka, akasema hamna anayeliulizia.

Hamna anayeliulizia! Ndiyo maana nimeleta ugomvi huu kwenye gazeti la fasihi, na wale wanaosema mambo ya hospitali yaende kwenye magazeti ya habari nawaambia hapana. Magazeti ya habari yatakuja siku ya utepe. Kufuatilia mtu mmoja tangu Februari mpaka Septemba, siku kwa siku, ukajua nani alisema nini dirishani na basi liliharibikia wapi, kwani hiyo si kazi ya mwandishi wa riwaya? Tumejifunza kuandika machozi kwa sababu machozi ni rahisi. Yule karani wa maabara hajawahi kuwa mhusika wa mtu. Mkata kinyama ambaye hayupo, yuko wapi? Kaenda semina? Anauguza? Hajalipwa? Huko ndiko riwaya iliko, na mimi nakiri mbele yenu kwamba sijaweza bado. Nimeanza mara tatu. Kila nikifika tarehe 11 Juni mkono unakataa.

Kijiwe kinakutana Jumamosi ya kwanza ya mwezi kama kawaida, saa kumi jioni. Mwenye hadithi ya kansa ailete, lakini aje na kalenda. Mhusika wako alifika hospitali tarehe ngapi? Kinyama kilikatwa lini? Jibu lilitoka lini? Ukishindwa kunijibu sitasikiliza habari za mvua. Nami nitakuja na daftari, anayetaka kulinakili anakili, ila kurasa mbili za mwisho msizifungue, pale niliandika mambo ya nyumbani.